Mashine Iliyokalia Mkeka wa Kache

Jumapili, hapa Adu. Mvua imepiga alfajiri, ikaacha tope mlangoni na mbu ndani, kisha jua likatoka kali utadhani halikuwepo. Nami leo ni hivyo hivyo. Ukinitazama usoni nimekauka, lakini ndani kumejaa maji.

Kwa mnaofika hapa mara ya kwanza: mimi ni Sidi, bibi kizee, darasani sikuingia hata siku moja. Mimi nasema, simu inaandika. Mjukuu wangu Kadzo husoma kabla yenu, akaweka nukta simu ilipozisahau, ndipo maneno yaje kwenu. Nikiona midomo yake inachezacheza, najua amefika mahali pa aibu. Leo mahali hapo papo, na ndiyo sababu nimejifungia chumbani mchana kweupe kama mwari.

Nianze na hando.

Hando ni ile sketi yetu Wagiriama, ya kitambaa cheupe kilichokunjwa mikunjo myembamba iliyobanana, ikakazwa kiunoni, mwanamke akipita inatikisika nyuma yake kama yenye maneno yake. Mimi na dada yangu mkubwa Kache tumeitengeneza tangu tu wasichana. Yeye alikuwa akikunja, mimi nikishona mshipi wa kiunoni. Alikaa kwenye mkeka wake karibu na mlango, nami nyuma yake, mikunjo ikitoka vidoleni mwake ikiingia mwangu, na midomo ikisengenya watu bila kupumzika.

Mwaka jana kiharusi kilimchukua mkono wa kulia. Umelala mapajani mwake kama wa mgeni. Ulimi hakikuugusa. Tunashukuru, siku nyingine hatushukuru.

Sasa wanawake wa kikundi chetu cha ngoma walikuja kutaka hando mpya za harusi. Mimi vidole vyangu vinajua kushona tu. Kukunja nilijaribu, Kache akatazama, akasema, "Sidi, hiyo ni hando au pazia la hoteli?" Wakaanza kunong'ona kwamba watanunua zile za mjini zenye mpira kiunoni. Usiku ule sikulala vizuri. Hando ikishaanza kununuliwa kwa mpira, nani atarudi kwetu?

Kadzo alisikia. Kadzo ana karakana Malindi, upande wa Shella, anatengeneza mashine za watu. Hayo ndiyo aliyosomea. Akaniambia, "Hawe, mkono wa Kache nitautengeneza mimi."

Hawe ndilo jina la bibi kwetu. Akiniita hivyo kwa sauti ile, hata angetaka kubomoa nyumba ningempa shoka.

Alhamisi akaja na mashine, na akaja na mtu.

Nitaanza na mashine. Ni meza fupi yenye rola mbili zilizovishwa mpira. Rola zinavuta kitambaa, zinakisukuma mbele kidogo, bapa la chuma linashuka na kukikunja, kisha rola zinasukuma tena. Pembeni kuna kisanduku chenye nyaya, na ndani ya kisanduku kuna kitu cheusi kidogo kuliko kucha yangu, chenye vijiguu pande zote kama kupe. Wanakiita chipu.

Nikauliza kupe huyu anafanya nini.

Kadzo akanieleza, akachuchumaa mbele yangu kama alivyokuwa akifanya utotoni. Mota ya mashine ile, akasema, haizunguki mfululizo kama ya feni. Inakwenda kwa hatua, hatua, kama mshale wa saa. Na chipu ile imezaliwa kwa kazi moja tu, kuiongoza mota katika hatua zake. Kompyuta ya mashine ina shughuli nyingi. Ikiachiwa kuhesabu hatua nayo pia, inapotewa na mwendo. Kwa hiyo inaiambia chipu, "Fika pale," basi, inaendelea na mambo yake. Chipu ndiyo inayopanga mota ianze polepole, ikaze mwendo, kisha ipunguze kabla ya kusimama, isije ikashtuka.

Hilo nililielewa vizuri. Mwenye ndoo ya maji kichwani haondoki kwa kuruka, wala hasimami ghafla.

Nikauliza tena. "Na hiyo chipu inajuaje kwamba imefika kweli?"

Kadzo akatabasamu kidogo. "Haijui, Hawe. Inahesabu hatua ilizoziagiza. Zikitimia, inasema nimefika."

"Na kama kitambaa kimekwama?"

"Itasema nimefika vilevile. Ili ijue, lazima tuiwekee jicho, na jicho bado sijaliweka."

Hapo ndipo roho yangu ilipoingiwa na mchanga. Nimeishi na wanaume wa aina hiyo. Wametoka asubuhi, wamesema wamefika shamba, na shamba halijawaona.

Sasa yule mtu. Jina lake Musyoka, Mkamba, fundi jirani wa Kadzo huko mjini. Mrefu, mpole, viatu vimepigwa rangi mpaka vinakera. Alinipa shikamoo, akampa Kache shikamoo, akazunguka nyumba na kurudi akatupa tena, utadhani ya kwanza ilikuwa imeisha nguvu. Alinawa mikono hadi viwiko. Tulipokula wari, ugali wetu, alisifu mboga. Na muda wote huo hakumtazama Kadzo hata mara moja.

Kijana asiyemtazama msichana mzuri aliye mbele yake anamtazama kwa njia nyingine. Nikamwandikia hilo moyoni.

Kache ananiambia, "Huyu ameshaoa kichwani, amebakisha kukuambia wewe."

"Aniambie nini? Hata jina la mamake hajalitaja."

"Umemuuliza?"

Sikumuuliza. Nilitaka nione kama atalitaja mwenyewe.

Mahali pa kuiweka mashine palikuwa pamoja tu, pale kwenye mwanga karibu na mlango. Wakaiweka juu ya mkeka wa Kache. Kache mwenyewe alikuwa kwenye kiti chake nje, akacheka. "Iacheni ikae. Mimi matako yaliniuma pale miaka mingi, nayo yaiume." Wote wakacheka.

Mimi sikucheka.

Waliijaribu kwa kitambaa chakavu. Nitasema kweli, kwa maana hapa ni mahali pa kusema kweli: ilikunja vizuri. Mikunjo ilitoka sawasawa, ikalala mmoja juu ya mwingine, na mota ikaimba kasauti kembamba kama mbu aliyekwenda shule. Musyoka alitabasamu akitazama chini. Nikajiambia, tazama, anafurahi kupita kiasi. Kadzo akaniachia kitambaa chenyewe, kile kipya cha hando, nikiweke mpaka kesho yake wanawake waje kuona.

Nikakiweka. Yaliyotokea baada ya hapo nitayasema, nipeni nafasi.

Ijumaa wanawake wakaja wamejaa ua. Mbele yao alikuwa Mbodze, kiongozi wa kikundi, ambaye pia huuza nazi soko la Malindi; neno likiingia sikioni mwake leo, kesho linanunuliwa pamoja na nazi. Kadzo akalisha kitambaa kipya kwenye rola, akabonyeza.

Mikunjo ya kwanza ikatoka vizuri. Mbodze akapiga kigelegele.

Kisha mkunjo mmoja ukawa mnene, uliofuata mwembamba, wa tatu haukuwa mkunjo, ulikuwa kidonda. Bapa linashuka mahali pasipo na kitu. Kitambaa kinavutwa upande. Na mashine haina habari! Inaendelea kuimba, inaendelea kukunja hewa, na kwenye kioo cha kisanduku, Kadzo anatusomea, kila hatua imetimia, kila mahali imefika.

Mbodze akasema, "Kumbe ni ya kutengeneza vitambaa vya kudekia." Kigelegele kikageuka kicheko.

Kadzo akazima. Akaanza kuzungusha waya kidoleni. Nilimlea mtoto yule, najua anavyozungusha kitu akiwaza na anavyokizungusha akitaka kulia.

Musyoka akafungua kisanduku, akagusa chipu kwa kidole, akasikiliza nyaya, akakuna kichwa. "Chipu ni nzima," akasema.

Nikasimama.

"Chipu hiyo umeitoa wapi?"

Akamtazama Kadzo, mara ya kwanza tangu aje, kisha akatazama viatu vyake. "Nilikuwa nayo, shosho."

"Mimi si shosho wako, wala bibi yako. Ulikuwa nayo ukaitoa wapi?"

Akakifunga kisanduku.

Basi. Mimi nimeuziwa mbegu za mahindi zilizopakwa rangi, zikaozea ardhini. Nimeuziwa betri za tochi zilizokufa kabla sijafika nyumbani. Mtu akikuuzia kitu kizuri husema alikokitoa. Wa kitu kibovu ndiye hutazama viatu. Nikasema mbele ya wanawake wote, sauti yangu mnaijua: "Umemletea mjukuu wangu chipu ya bandia ili umzoee. Wewe ni mwizi mwenye adabu. Toka kwangu."

Aliniinamia kichwa, akampa Kache mkono, ule wa kushoto unaofanya kazi, akaenda zake kuelekea lami akiacha mfuko wake wa vyombo. Viatu vile vikaingia tope.

Kadzo aliuokota mfuko ule, akanipa mgongo. Angenitukana ingekuwa nafuu.

Jumamosi nzima aliinamia mashine. Alibadilisha nyaya, akakaza hiki, akalegeza kile, akaongeza umeme, akapunguza. Akitia kitambaa chakavu, inakunja kama malaika. Akitia kile cha hando, inakunja kama mlevi. Mchana simu yake ikalia, akasikiliza, akaiweka chini kwenye mkeka kwa utaratibu kama yai.

"Mbodze alikuwa sokoni asubuhi," akasema. "Watu wanakwenda kwa Musyoka kuchukua redio zao na simu zao. Wanasema fundi anayetia vitu vya bandia hawamtaki."

Nikasema, "Ndivyo anavyostahili."

Ndipo Kadzo akaniambia. Chipu ile Musyoka aliing'oa kwenye mashine yake mwenyewe, ile anayochongea vibao vya majina ya maduka. Sasa mashine yake imekaa kama kiti. Alimwambia Kadzo asinitajie, kwa sababu mtu akitoa zawadi kwa mjukuu, bibi atauliza zawadi hiyo ni ya nini, naye alikuwa hajajua namna ya kunijibu.

Nikamwambia Kadzo, "Hayo ndiyo aliyokuambia wewe."

"Niliing'oa naye, Hawe. Nilikuwa nimeshika tochi."

Hata hapo, jamani, sikumwamini. Nilijiambia huenda na mashine yake ya vibao alitia chipu ya bandia tangu mwanzo, hakujua au alijua. Shaka ikishakaa haikosi chakula, inakula hata ushahidi.

Leo asubuhi, mvua ilipokatika, tukamtoa Kache nje kwa ajili ya jua. Alipopitishwa mlangoni akasimama, akashika fremu kwa mkono wake mzima, akavuta pumzi kwa pua kama mbuzi aliyesikia chumvi.

"Mashine yako inanuka mafuta ya mbono, Sidi."

Kadzo alikuwa jikoni, hakusikia. Mimi nilisikia.

Nikaenda kuiinamia. Nikapitisha kidole kwenye rola ya mpira, kidole kikateleza.

Sasa niyaseme.

Kwetu, kama mama yetu alivyotufundisha, kitambaa cha hando hakikunjwi kikiwa kikavu. Unachovya kidole katika mafuta ya mbono, unapitisha pembeni ya kitambaa, unataja jina la atakayeivaa. Ni baraka, lakini ni kazi pia: mafuta yanakilainisha kitambaa, kinatii vidole. Vidole vya Kache vilikuwa vinang'aa daima. Alhamisi, Kadzo na yule kijana walipokwenda kuteka maji ya kuoga, nilichukua kile kitambaa kipya nikakipaka. Ningepitisha kidole tu ingetosha. Mimi nilimimina kiganjani, nikapaka pembe hadi pembe. Mikono ya Kadzo imezoea grisi, hakuyahisi.

Kwa nini? Nimejiuliza tangu asubuhi. Nilitaka kile kitu kisicho na mama, kilichokalia mkeka wa dada yangu, kijue kimeingia nyumba yenye watu. Sikutaka kiharibike. Nasema sikutaka. Lakini kilipoanza kuharibika mbele ya wanawake, kabla Kadzo hajazima, kuna kitu kidogo ndani yangu kilikaa vizuri.

Mafuta yaleyale yaliyomsaidia Kache ndiyo yaliyoponza rola. Mota ilizunguka kama ilivyoambiwa. Chipu ilihesabu sawasawa. Kitambaa ndicho kilichoteleza kikabaki nyuma; kile chakavu, kikavu, kiliyafyonza mafuta kikashikwa. Chipu haikusema uongo hata mara moja, na aliyeileta hakusema uongo.

Nilipotoka, Kache alikuwa juani amefumba macho.

"Utamwambia?" akaniuliza.

"Nimwambie nini?"

"Basi nitamwambia mimi. Mkono umekufa, mdomo uko hai."

"Kache, nipe mpaka mchana."

"Mchana upi? Wa leo au wa mwakani?"

Nikaingia humu chumbani na simu.

Nilivyofikiria ni hivi, na ni fikira ya uoga: niseme kila kitu hapa, simu iandike, jioni Kadzo akae na kusoma kama kawaida, afike mahali pale, midomo icheze, ajue. Mimi nitakuwa nje na kuku. Sitaiona sura yake. Kisha itawafikia nyinyi, itamfikia hata Musyoka huko mjini, kwa kuwa ananisoma. Humu ndimo alimojua kwamba napenda shikamoo. Nitakuwa nimeomba radhi bila kufungua mdomo mbele ya mtu.

Nilipokuwa natamka haya nikajiona. Nataka kukiagiza kitu kiende badala yangu, kisha nihesabu kwamba nimefika.

Hapana.

Nilimfukuza kijana wa watu kwa mdomo wangu, uani kwangu, mbele ya Mbodze. Lazima yarudi kwa mdomo huohuo. Kesho nitapanda kwenda Malindi, na Mbodze nitakwenda naye hata kwa kumburura kwa leso, tusimame mlangoni kwa Musyoka wakati wa wateja, nami niseme mwizi hakuwa yeye, kulikuwa na bibi mmoja na chupa ya mafuta. Nitamrudishia mfuko wake wa vyombo. Viatu vyake nitavisafisha mwenyewe kama atakubali, na kama hatakubali nitavisafisha.

Nikimaliza kumwomba radhi nitamuuliza jina la mamake, na anataka nini kwa Kadzo, na akitazama chini tena nitamshika kidevu. Kuwa si mwizi hakumfanyi kuwa mkwe. Yule bado namchunguza.

Na mashine ile nayo bado siiamini. Kitu kisichojua kimekosea kinahitaji mtu wa kukitazama. Kache ana macho mazima na hana kazi. Kiti chake tutakisogeza karibu na mkeka, akiona mkunjo umekwenda kombo apige kelele. Kelele anaziweza. Mpaka Kadzo atakapoiwekea jicho lake, itatumia la dada yangu.

Jua bado lipo juu. Kitambaa kikifuliwa sasa hivi kwa sabuni kitakauka kabla halijashuka, na rola zitafutwa.

Moyo wangu unapiga kama wa msichana aliyevunja mtungi. Kadzo yuko jikoni, nasikia sufuria. Simu hii siizimi, acha iandike na hili, ili baadaye nisijidanganye kwamba sikumwita.

Kadzo! Kadzo we! Acha hizo sufuria, mama. Njoo huku chumbani kwa Hawe, na uniletee ile chupa ya mbono iliyo nyuma ya mtungi. Ndiyo, hiyo. Hapana, usiniulize hapo mlangoni. Njoo ukae.